Uzi Nyuma ya Jiko Letu

Miaka ya themanini Kambu, mji wetu mdogo wa kando ya barabara kuu, ilianza kupendwa na wenye pesa, na hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa raha. Malori ya Mombasa yalisimama kwa wingi, na kila aliyejiweza alitaka jengo la mawe karibu na barabara. Sisi tulikaa nyuma ya maduka, safu moja ya nyumba za udongo zilizoezekwa mabati. Yetu mama aliijenga kwa ruhusa ya mdomo tu ya chifu, kabla sijazaliwa. Hatukuwa na kwingine.

Mfanyabiashara mmoja akahamia, akafungua bucha. Alikuwa na adabu ya kupita kiasi, mpaka ikawa inanichefua. Jumapili moja baada ya kanisa alimfuata mama, ambaye aliongoza mwethya wetu, kikundi cha wanawake cha kulimiana na kujengeana kwa zamu. Akaomba achimbiwe msingi wa nyumba ya wageni. Mwethya haulipwi, aliyeuita hupika tu, na jirani akiita haulizwi anajenga nini wala hadi wapi. Mama akakubali papo hapo.

Nilimwambia simwamini yule mtu. Akanijibu kwamba kwa mdomo huo wangu, nikipata shamba nitalilima peke yangu.

Basi wakachimba wakiimba, nami nikiwa nao na jembe langu, nimenuna. Fundi alitangulia na uzi wake wa kupimia. Kila asubuhi tuliukuta umesogea. Ukapita choo cha jirani, ukapita banda letu la kuku, kisha siku moja nikaukuta umefungwa kwenye kigingi nyuma ya jiko letu. Nikamwita mama. Aliutazama kwa muda, akasema labda fundi amekosea, akainua jembe kwa sababu wenzake walikuwa wakimngoja.

Wiki iliyofuata karani wa baraza la mji alipita na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya kubomolewa kwenye kila mlango wa safu yetu. Tulimwendea yule bwana buchani. Alikuwa akikata nyama, na hakuacha.

"Mama, hii ploti nilipewa na kaunsili," alisema. "Na si ni nyinyi mlichimba hiyo msingi? Mliona vile inaenda."

Mama akageuka, akashika njia ya nyumbani. Alihofia kwamba tingatinga likija litakunja mabati, na bila mabati hatungejenga tena popote. Akauita mwethya.

Walikuja wanawake walewale. Wakapanda juu ya paa letu, wakang'oa msumari mmoja mmoja, na siku hiyo hakuna aliyeimba. Mama aliwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pale jiko liliposimama, kuta zikiwa zimeshaanguka. Walipomaliza kula, aliokota nyundo, akatazama ile milango mingine yenye rangi, akauliza zamu inayofuata ni ya nani.