Shule ya Njugu Mawe

Bibi yangu Raheli hakupenda kusikia kwamba shule zimefungwa. Sisi wajukuu tulikuwa tukirudi mbio tukirusha madaftari juu kwa furaha, naye anatuuliza kwa ukali, "Zimefungwa mpaka lini? Nani amesema? Mmemsikia kwa masikio yenu wenyewe?" Tulimcheka, tukadhani ni uzee. Baadaye baba yangu Petro alinieleza habari za likizo moja ya utoto wake, ndipo nikaacha kucheka. Hasira niliyoipata siku ile kwa ajili ya shangazi yangu Loisi ninayo mpaka leo.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, na vita vya Wazungu vilikuwa vimeshaanza. Raheli alikuwa bado kijana, mama wa watoto wawili, Loisi na mdogo wake Petro, akiishi katika tembe la baba mkwe wake, mzee Matonya, mashariki ya Dodoma. Mumewe Kefa alikuwa amechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Askari walimkuta shambani, wakamfunga kamba pamoja na wenzake, akaondoka na udongo mikononi. Tangu hapo habari zake hazikuja.

Asiyewahi kuishi kwenye tembe afikirie nyumba ndefu ya udongo, paa lake bapa la udongo vilevile, iliyopinda kona nne na kuuzunguka uwanja ambamo ng'ombe hulala. Vyumba vya ndani havina dirisha. Mlango wa kutokea nje ni mmoja tu, na kigoda cha mzee Matonya kilikuwa palepale mlangoni. Mkwe hakwenda kisimani bila kuulizwa, wala hakurudi bila kutazamwa kibuyu chake. Raheli alimwambia baba yangu kwamba mwaka ule alikuwa akipumua kwa kuiba.

Watoto walikuwa wakisoma shule ya misheni. Mwalimu wao, Sostenes, Mgogo kama wao, aliwaruhusu waje nyumbani kusaidia kuvuna uwele, akasema mavuno yakiisha atawaita. Mavuno yakaisha. Lakini Wazungu wa misheni walikuwa Waingereza, Mjerumani akawakamata na kuwapeleka mbali, na askari wakapiga kambi shuleni. Mwalimu Sostenes hakuonekana. Hakuna aliyesema shule imekufa, na hakuna aliyesema itafunguliwa. Watoto wakabaki likizo tu, likizo isiyo na kichwa wala miguu.

Kwa Petro haikuwa shida kubwa. Alichunga mbuzi na kurusha mawe. Kwa Loisi ilikuwa hatari. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mtumba, rafiki wa Matonya, mwenye meno machache na ng'ombe wengi, ambaye alikuwa amemtaka Loisi awe mke wake wa tatu, na mtoto hata hajavunja ungo. Kefa, kabla ya kuchukuliwa, alikuwa amemwomba baba yake asizungumze mahari ya binti huyu maadamu yuko shuleni. Mzee alikubali. Na Matonya alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, hilo simnyimi.

"Mama Loisi," alimwambia Raheli asubuhi moja, "nilimwahidi mwanangu kwamba mtoto akiwa mwanafunzi simgusi. Sasa huo uanafunzi uko wapi?"

"Yuko likizo, baba," Raheli akajibu huku ameinamisha macho kama ilivyompasa mkwe. "Anasoma hapahapa nyumbani."

"Anasoma nini?"

"Mambo ya shule."

Mzee akacheka puani. "Haya. Mvua za kwanza zikinyesha atanionyesha alichojifunza. Nikiona ni mchezo wa watoto, nitamwita mwenzangu wa Mtumba tukae tuzungumze."

Basi Raheli akafungua shule yake, na darasa lenyewe lilikuwa uwanja uliojaa samadi. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma kidogo tu kwa mke wa mmisionari kabla ya kuolewa, akajua herufi na hesabu za kujumlisha. Alichukua ungo akautandazia majivu laini ya jikoni, watoto wakawa wanaandika kwa kidole. Wakikosea, unautikisa ungo, majivu yanasawazika, unaanza upya. Alimfundisha Petro kupima kwa kujaza kibuyu kikubwa kwa vibuyu vidogo. Vigae vya vyungu viliandikwa kwa mkaa na kupangwa ukutani, na mtoto hakupata mlenda wake mpaka asome kigae kimoja. Waliwahi hata kuchomeka kijiti uwanjani na kutia alama kila kivuli kiliposogea, mpaka ng'ombe akakikanyaga. Baba yangu alisema hajapata kusoma vizuri namna ile, na huyu ni mtu aliyekuja kuwa karani.

Siku moja mzee Matonya akaja kutazama. Loisi alikuwa ameandika jina la baba yake katika ungo. Mzee akainama, akapuliza, jina la Kefa likapotea.

"Unamfundisha mtoto kuchezea majivu," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Raheli aliingia ndani akalia. Akajiona yumo ndani ya chungu kilichofunikwa. Hakuwa na pa kwenda. Kwao kulikuwa mbali, na njiani kulikuwa na askari. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Buigiri, na kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Hapo ndipo akakata shauri kumfundisha Loisi kitu ambacho mzee asingeweza kukipuliza.

Sasa lazima nieleze jambo, maana watoto wa mjini hawalijui. Mgogo mwenye mali hafugi ng'ombe wake wote zizini kwake. Huwapeleka kwa marafiki, huyu huku, yule kule, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa pigo moja. Rafiki anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake. Nani amewekeshwa ng'ombe gani, hiyo ni siri ya mwenye mali na mwanawe mkubwa. Na hawahesabiwi kwa sauti; anayehesabu ng'ombe anawaitia kifo. Mwaka ule siri hiyo ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu jeshi la Mjerumani lilikuwa linachukua ng'ombe kila linapowaona.

Raheli aliijua siri hiyo bila kuambiwa na mtu. Wale marafiki walikuwa wakija kumpa mzee habari za mifugo, na nani aliyekuwa akiwapikia ugali? Mkwe anayeinama kutenga chakula huwa kama hana masikio. Kwa muda wa miaka alikuwa amesikia yote.

Akachagua njugu mawe ghalani, maana njugu zina rangi kama ng'ombe: nyeupe, nyekundu, nyeusi, na zenye madoa. Kila njugu ikawa ng'ombe wa babu. Akachora ardhini vijiji na njia zake, na Loisi akajifunza kuiweka kila njugu mahali pake, kutaja rangi, mama yake, na mtu anayemtunza. Hawakuhesabu hata mara moja. Mtoto aliposema "mmoja, wawili", mama yake alimfinya. Raheli alijiona ameuheshimu mwiko vizuri sana, na masikini, kwa sababu ya kuutazama huo mmoja hakuuona ule mwingine, wa siri. Loisi alikuwa na kichwa cha ajabu. Kabla mawingu hayajashuka alikuwa ameyameza yote.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mzee Matonya aliketi kwenye ngozi kavu ndani ya ukumbi akamwita mjukuu wake. Raheli alisimama nyuma ya ukuta akisikiliza.

"Mbukwenyi, babu," Loisi akasalimia, akapiga magoti na kuanza kupanga njugu. "Huyu mwekundu mwenye baka usoni yuko Kondoa kwa Yahaya. Amezaa dume. Huyu mweusi ni mtoto wa yule aliyekufa kwa tauni ya ng'ombe, yuko Buigiri kwa Bartolomayo. Hawa weupe ni ndugu, wako kwa Sila, lakini huyu mdogo pembe moja imevunjika."

Akaendelea hivyo mpaka njugu zikaisha, bila kukwama. Mzee akaiokota njugu nyekundu, akaigeuza kiganjani. Baba yangu alikuwa amejibanza pembeni, akiona yote.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

Raheli akaitwa. Akaja, akapiga magoti karibu na binti yake.

"Umefanya kazi kubwa," mzee akasema polepole. "Mwanangu hayupo, na mimi nasahau. Mwenzangu wa Mtumba ataambiwa kwamba binti huyu haolewi. Sitampeleka kwenye mji wa mtu mwingine akiwa amebeba mali yangu yote kichwani."

Raheli alishindwa kujizuia, akapiga vigelegele. Mama wa watu! Alidhani ameshinda.

"Wala shuleni harudi," mzee akaendelea. "Hata wakifungua kesho. Huko kuna watoto wa kila mtu na askari wanaouliza maswali. Kisimani hatakwenda, kuni hatatafuta. Zizi langu sasa ni kichwa hiki, na zizi halitembei."

"Baba, ni mtoto..."

"Mtoto ndiye anayesema akiulizwa."

Na hapo alisema kweli, jambo linaloniudhi kuliko yote. Laiti angekuwa mjinga, ningemchukia kwa raha. Baada ya muda mfupi askari walifika. Waliwachukua ng'ombe wa uwanjani, wakamkalisha Petro juani wakimuuliza wengine wako wapi, na Petro akalia kwa sababu hakujua. Loisi alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya vihenge vya uwele, mama yake amemziba mdomo kwa kiganja. Askari walipoondoka, alichobaki nacho mzee Matonya duniani ni wale ng'ombe waliokuwa kwa watu, na familia nzima ingewategemea ukame ukija. Kila mtu aliona ukame unakuja, maana mvua ile ya kwanza haikufuatwa na ya pili.

Loisi akaishi ndani. Alitoka uwanjani jua likiwa limepungua, mlango wa nje ukiwa umefungwa kwa gogo. Ngozi yake ikaanza kupauka. Akija mgeni, anasukumwa gizani.

Halafu akaja Mwalimu Sostenes. Alikuwa amekonda, shuka lake limechanika, lakini alikuwa anatabasamu. Alikuwa amejificha kwa ndugu zake, na sasa amekusanya watoto wachache nyumbani kwake, wanasoma kimyakimya.

"Likizo imekwisha," akasema mlangoni, akicheka. "Nimewafuata wanafunzi wangu. Petro huyu hapa. Loisi wangu yuko wapi?"

"Mgonjwa," mzee Matonya akajibu.

Mwalimu akamgeukia Raheli. "Anaumwa nini, mama? Naweza kumwona?"

Ukuta mmoja tu uliwatenganisha na mtoto, na Raheli alijua anasikia kila neno. Mtu ambaye yeye alikuwa akimwomba Mungu kila siku amlete, sasa amesimama mbele yake. Aliwaza njia ya kwenda kwa mwalimu, na kambi iliyokuwa kando ya njia ile. Akawaza ng'ombe wa mwisho wakichukuliwa, na Petro asiye na maziwa.

"Ni mgonjwa, mwalimu," akasema. "Hawezi kutoka."

Petro akaondoka na mwalimu, anageuka nyuma kila hatua. Ndiyo maana mimi ni mtoto wa karani.

Raheli aliingia chumba cha ndani. Loisi alikuwa ameketi kwenye kona, hakulia.

"Mama," akasema, "nifundishe kusahau. Nikisahau, babu ataniachia."

Raheli akaleta njugu. Akazimwaga sakafuni na kuanza kuzipanga ovyo, yule wa Kondoa akampeleka Buigiri, wa Buigiri kwa Sila. "Huyu mwekundu yuko kwa Bartolomayo," akasema. "Sema, mwanangu. Yuko kwa Bartolomayo."

"Yuko kwa Bartolomayo," Loisi akasema. Akajaribu tena, amefumba macho, amekunja uso kwa bidii. Kisha mkono wake ukanyooka gizani, ukaipapasa njugu ile na kuirudisha Kondoa.

"Hapana, mama," akasema, akaanza kulia. "Ni wa Yahaya."