Kioo cha Milimita

Fundi vioo huyu walimwita Milimita, na si kwa kumbeza. Alikuwa akipima dirisha mara moja, akikata mara moja, na kioo kinaingia kwenye fremu kana kwamba kilizaliwa humo. Wateja wenye haraka aliwaambia, "Kioo unaweza kukipunguza. Kukiongeza ni kazi ya Mungu." Siku hizi jina limebaki, mikono ndiyo iliyohama. Kila asubuhi inatetemeka mpaka ipate cha kuituliza, na cha kuituliza sote tunajua kinauzwa wapi.

Binti yake alipojifungua, Milimita alioga, akapiga shati pasi, akatia pipi ya mnanaa mdomoni, akaenda kumwona mjukuu. Aliponyoosha mikono, binti akamvuta mtoto kifuani.

"Hapana, baba. Siku mikono ikitulia, utamshika."

Binti hakupaza sauti. Angepaza wangegombana, na ugomvi Milimita anauweza. Alisema "sawa", akanywa chai, akaaga. Akautafuta uchungu ndani yake asiupate. Alikuwa na ganzi mwili mzima, kama fizi zilizotoka kwa daktari wa meno.

Mkwe wake alimsindikiza hadi getini. "Mzee, kuna watu hukutana Jumamosi mchana, nyuma ya zahanati, mlango wa bluu. Wanasaidiana kuacha."

"Kuacha nini?"

Mkwe akatazama viatu vyake. Ana adabu yule kijana, na adabu nyingine zinachosha.

Jumamosi ilipofika, miguu ilikwenda, naye akaifuata. Aliupita mlango wa bluu, akarudi, akaupita tena kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Mara mama mmoja mnene akatoka na chupa ya chai.

"Karibu, baba. Umekuja kwenye kikao?"

Kando ya mlango palikuwa na dirisha lililozibwa kwa boksi. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Nimekuja kupima kioo," Milimita akasema kwa macho makavu.

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa tu."

Mama wa chai akamtazama kidogo. "Haya, pima. Ila tunaanza, kwa hiyo upime kimyakimya."

Ndani watu walikaa kwenye viti vilivyopangwa duara. Milimita aliwapa mgongo, akatoa futi, akaanza kukwangua puti kavu, ule udongo wa kushikizia kioo kwenye fremu. Dereva mmoja wa lori alikuwa akisimulia jinsi mkewe alivyomficha funguo za nyumba ndani ya debe la unga ili asitoke kwenda kunywa.

"Nikazigundua. Ikawa kila siku naingia baa mikono myeupe, wenzangu wananipongeza kwamba siku hizi nasaidia jikoni."

Watu wakacheka. Milimita hakucheka, alipima upande wa juu. Kisha nesi mmoja akasema, "Mimi leo sina la kusema. Nimekuja hapa ili nisiwe kule." Hakuna aliyemuuliza kule ni wapi. Milimita akapima tena upande uleule, akaandika vipimo kiganjani. Kikao kizima kiliisha akipima dirisha moja, yeye, Milimita! Akaahidi kuleta kioo wiki inayofuata, wakamshukuru.

Wiki hiyo alikunywa, tena sana, nisikudanganye. Binti hakupiga simu, na yeye hakupiga. Lakini Jumamosi asubuhi hakugusa kitu. Si ushujaa, hakutaka tu kukikata kioo kile kwa mikono iliyohongwa. Jasho lilimtoka na meno yakagongana, ila kalamu ya kukatia ilipita bila kuruka. Akakifunga kioo kwa magazeti, akakibeba.

Mama wa chai aliondoa boksi, na watu wote wakageuza viti kutazama. Milimita akakiinua kioo, akakiweka kwenye fremu.

Kilipungua. Upana wa kidole mzima ulibaki wazi, na upepo ukaingia ukapeperusha vitambaa vya meza. Milimita akasoma kiganja chake ingawa wino ulikuwa umefutika siku nyingi, tangu alipovinakili vipimo kwenye karatasi.

"Labda fremu imepanuka," dereva akamsaidia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho pale dirishani. Milimita akakishusha kioo.

"Fremu haina kosa. Nilipima nikitetemeka. Wala sikutumwa na mtu." Akapangusa vumbi kwenye kioo. "Nina mjukuu. Sijawahi kumshika."

Alipoyasema hayo, chini ya ile ganzi kitu kikauma, kidogo tu, akashangaa kwamba bado kipo.

"Hukutumwa, tunajua," mama wa chai akasema. "Huyu dereva naye siku ya kwanza alikuja kusoma mita ya umeme."

"Na mpaka leo sijaisoma," dereva akasema.

Mama akarudisha boksi dirishani, akavuta kiti kimoja na kukiingiza kwenye duara.

"Weka kioo chini, baba, ukae."

Milimita alikaa, lakini kioo hakukiweka chini. Alikilaza mapajani, akakikinga kwa viganja vyote viwili. Kilitetemeka mpaka mwisho wa kikao, lakini hakikuanguka.