Mashine ya Kahawa Imeondoka Mwika

Leo mashine ya mwisho ya kumenya kahawa kwa mkono hapa Mwika imeondoka, ikasindikizwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kwa msioijua, ndiyo iliyotoa ganda jekundu la buni kabla ya kuloweka. Marehemu rafiki yangu aliitunza. Chama chetu cha kuhifadhi mitambo ya zamani kilikwenda kuichukua.

Mjane wake akashangaa.

"Shemeji, mbona mmerudi? Wenzenu wameibeba asubuhi. Nimewanywesha na mbege yenu!"

Tukatazamana. Chama kizima tulikuwa pale.

Kumbe waliopita asubuhi ni wakusanya vyuma chakavu. Sasa hivi huenda imeshapondwa.

"Jamani, si walikuwa wenzenu?" akauliza, mkono kifuani.

"Walikuwa wenzetu, shemeji," nikamjibu.

Ninyi mngemwambiaje?