Baiskeli ya Uwanjani Kwenye Shughuli ya Wanawake

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini kwa kuwa video imeshafika hadi kwa shemeji zangu, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Jirani yangu wa Kariakoo, Bi Zuwena, muuza khanga, aliachiwa na marehemu baba yake baiskeli isiyo na breki. Mzee alikuwa akisema ni ya mbio za uwanjani, imetoka Uingereza; Salim, kaka yake Zuwena, anasema ni mabomba yaliyoungwaungwa gereji, na alasiri ile alikuwa ameshamwita mnunuzi wa chuma chakavu aje na mkokoteni wake.

"Kaka Bakari," Zuwena akaniambia, "baiskeli za kale unazijua wewe. Nipe jibu kabla Salim hajafika."

Nikaanza kwa utaratibu wangu. Fremu haina hata tundu la kufungia breki, mianya ya kuingizia ekseli ya gurudumu la nyuma inafunguka kwa nyuma (hiyo ni alama ya uwanjani, haina ubishi), na cheni ina zile pingili ndefu za zamani. Tatizo, nambari ya fremu ilikuwa imefukiwa na rangi nyeusi, na bila nambari Salim asingekubali. Nikasema ngoja kwanza nihakikishe kama pedali zimefungamana na gurudumu, kwamba likizunguka nazo zinazunguka, utake usitake. Mwenye akili timamu angeinua gurudumu akalizungusha kwa mkono. Mimi nikapanda, nikakaza na mikanda ya pedali miguuni, eti naenda mpaka kona tu.

Jamani, zimefungamana! Mbele mtaa umezibwa kwa turubai na mapazia, ndani ngoma, wanawake wanamtunza bi harusi, mwanaume hakanyagi pale, na kila nikijaribu kutuliza miguu pedali zinanirusha juu, nikapita na pazia.

"Wee baba, umefuata nini huku?"

"Nashindwa kusimama!"

"Basi zunguka, mwenzetu!"

Na kweli nikazunguka (wapiga ngoma hawakuacha, nadhani walizidisha), huku wengine wanavuta mitandio, wengine wameinua simu, mpaka nikakwaruza ukingo wa jukwaa na kuangukia magodoro ya zawadi, baiskeli juu yangu.

Uso wangu ukawa chini ya fremu kabisa. Ukingo ulikuwa umebandua rangi, na pale kwenye chuma nikaona nambari, za mtindo wa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na jina la mji wa Uingereza. Nikasahau nilipo.

"Ni yenyewe! Mzee alisema kweli!"

"Maskini, ameumia kichwa," akasema mama mmoja.

Zuwena, aliyekuja mbio nyuma yangu, akainama, akazipapasa zile herufi kwa kidole. Nje ya pazia Salim akaita, "Zuwena! Itoeni hiyo baiskeli, mwenye mkokoteni anasubiri!"

"Ingia uichukue!" Zuwena akamjibu.

Vigelegele! Salim hakuthubutu. Baiskeli ikavishwa khanga, ikaegeshwa kando ya bi harusi hadi mwenye mkokoteni alipochoka akaenda zake.

Mimi sikubakishwa. Walinifungua mikanda, wakanifunika khanga kichwani, wakanitoa nimeshikwa mkono kama bi harusi wa pili, na Salim akiwa mlangoni. Tangu siku ile chombo chochote, hata kiwe na historia tamu namna gani, kabla sijajua kinasimamaje, sikipandi.