Mkaguzi Anakuja, Kapu Halitoki

Saa moja asubuhi haijatimia, na Mama Makofi ameshafagia chumba mara mbili. Anafagia tena. Vumbi halipo, ila mikono yake imekataa kutulia.

Chumba hiki zamani kilikuwa stoo ya saruji. Ukuta umepakwa rangi ya buluu hadi usawa wa kifua, hapo rangi ikaisha, na hakuna aliyepata ya kumalizia. Kuna dirisha moja la nondo, mikeka chini yake, na kwenye kona ndoo ya maji yenye bomba. Kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi ili watoto wasikigeuze mpira. Rafu ya ukutani ni tupu.

Leo ndiyo siku ambayo, kwa desturi, rafu hiyo ingejaa.

Afisa wa manispaa anayekagua vituo vya kulelea watoto wadogo anakuja asubuhi hii. Kituo atakachokikuta chini ya kiwango anaweza kukifunga papo hapo, na kufuli hutembea nalo garini. Kimoja cha mtaa wa nyuma kilifungwa hivyo. Mpaka leo mlango wake unaota kutu, na mwenyewe anauza vocha barabarani.

"Leo niko kama mtu anayekwenda kufanya mtihani," anasema Mama Makofi, akitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na mtihani wenyewe nimejitungia mimi."

Jina lake huwashtua wageni, wakadhani ni makofi ya mashavuni. Hajawahi kumpiga mtoto. Akitaka watoto wakusanyike, hupiga makofi matatu ya taratibu, nao huacha walichoshika wakaja kuketi. Mbinu hiyo aliipata mwaka aliopatwa na mafua yakamla sauti. Sauti ilirudi, lakini kelele hakuzirudia.

Watoto wanaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, wakivua kandambili mlangoni. Fundi wa pikipiki anamleta binti yake wa miaka minne, ambaye mtaa mzima unamwita Tarumbeta kwa sababu hajui kunong'ona. Fundi hasogei. Anazungusha kofia yake mikononi.

"Mwalimu, nasikia leo wanakuja kufunga."

"Wanakuja kukagua, baba."

"Si yale yale? Mkifungiwa, huyu nampeleka wapi? Gereji? Kule kuna petroli na vyuma, na mdomo wake huu utanifukuzia wateja." Anashusha sauti. "Fanyeni basi kama mwaka jana."

Mama Makofi anamshika mtoto mkono na kumwingiza ndani. Neno hilo, "kama mwaka jana," ndilo lililomkosesha usingizi.

Mtaa huu una vituo sita vya aina hii, vyote vya wanawake wanaolea watoto wa watu ili wazazi wao waende kazini. Zamani walikuwa hawasalimiani. Waligombea watoto kama wauza nyanya wanaogombea mteja mmoja, kila mtu akimwambia mzazi kwamba kwa jirani kuna kunguni. Kisha mlezi mmoja akalazwa hospitali, na wenzake watano, kwa kuona haya tu, wakagawana watoto wake mpaka alipopona. Hakumpoteza hata mmoja. Ndivyo umoja wao ulivyozaliwa, na Mama Makofi ndiye msemaji wake.

Wakaanza kununua sabuni pamoja. Aliyejua kumsaidia mtoto aliyekabwa na chakula akawafundisha wengine. Mwishowe wakaenda manispaa kwa sauti moja, wakiomba mambo matatu: mlezi mmoja asiachiwe watoto zaidi ya kumi na watano, walezi wapate mafunzo, na vituo visaidiwe vyoo vya kimo cha mtoto na vifaa vya kuchezea. "Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Mmoja wetu akienda peke yake, hata mlinzi wa getini hampi kiti."

Lakini ukaguzi waliuogopa kuliko kifo. Kwa hiyo walifanya jambo ambalo hakuna mwingine angelifanya ila watu wanaopendana. Walichanga wakanunua kapu moja la midoli, zuri kwelikweli: lori la mbao, matofali ya mbao ya rangi, shanga kubwa za kuhesabia, na mwanasesere wa kitambaa mwenye kiatu kimoja chekundu. Afisa akiwa kituo cha kwanza, kapu lilipangwa rafuni. Akianza kuandika ripoti yake mlango wa mbele, kapu lilitokea mlango wa nyuma na kukimbizwa kwenye kichochoro hadi kituo cha pili. Watoto waliozidi nao walipelekwa "matembezi" uwanjani mpaka gari liondoke.

Siku nyingine zote kapu lilifungiwa kabatini kwa jirani wa Mama Makofi, Mama Pacha, lisije likachakaa.

Mwaka jana manispaa ikajibu maombi yao. Mkutanoni afisa alisimama akasoma ripoti yake mwenyewe: vituo sita vina vifaa vya kutosha, watoto hawajazidi, hongera sana. Fungu la msaada lingepelekwa mtaa wenye shida. Watu wakawapigia makofi.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka. "Tulikuwa tumejikaanga kwa mafuta yetu wenyewe, na tukaambiwa asante."

Ndipo alipotoa hoja kwenye kikao chao: safari hii kapu lisitoke. Mkaguzi auone ukweli, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Pacha, anayelea watoto ng'ambo ya mtaro na ambaye ni rafiki yake wa damu, alimrukia kwa maneno.

"Ukifungiwa, utaupika huo ukweli na kumpa mama yako?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Hoja ilipita, ila kwa sharti moja: aliyeileta atangulie. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Umoja ulipopewa nafasi ya kupendekeza kituo cha kuanzia, ulitaja chake.

Saa mbili na nusu. Chumba kimefurika watoto, zaidi ya arobaini, na walezi ni wawili tu, yeye na mdogo wake. Hakuna aliyepelekwa uwanjani. Kelele zinagonga bati na kurudi. Mtoto mmoja anachezea kifuniko cha ndoo, wawili wanakigombea, wa nne analia kwa kuwa wa tatu analia.

"Dada," mdogo wake anamwambia kwa sauti ya chini, "nikiwatoa kumi tu, si bado mapema?"

"Waache."

"Kumi tu, dada."

"Nimesema waache!" Anajisikia akifoka, na anaona haya. Anaogopa, na hafichi tena kwamba anaogopa. Kituo hiki ndicho kinachomlisha yeye, mdogo wake na mama yao mzee, na hajui kazi nyingine.

Mlango wa nyuma unagongwa. Mama Pacha anaingia akihema, kapu kichwani.

"Usiniambie kitu," anasema. "Kikao ni kikao, lakini mimi siwezi kukaa kule nikisubiri kusikia umefungiwa. Chukua. Panga haraka."

"Tulikubaliana, mwenzangu."

"Tulikubaliana tukiwa tumeketi. Sasa watu wamesimama. Chukua!"

Mama Makofi anashika mshikio wa kapu ili alirudishe. Ndivyo alivyokusudia. Lakini mkono hausukumi. Unavuta. Kapu linatua sakafuni, na kiatu chekundu kinachungulia.

"MGENI ANAKUJA!" anapaza Tarumbeta.

Chumba kizima kinapasuka kwa shangwe. Watoto wanalimiminikia kapu kama kuku waliomwagiwa punje. Lori linatoka, matofali yanatoka, shanga zinavalishwa shingoni. Tarumbeta amemkumbatia mwanasesere na kufumba macho. Ni nani mwenye moyo wa kuwanyang'anya? Mama Makofi amesimama katikati yao, mikono imening'inia, na nje breki za gari zinalia.

Mama Pacha anatoka na kujibanza nje ya mlango wa nyuma.

Afisa ni mwanamke wa makamo, mwenye miwani na viatu vya vumbi, mtu wa kusalimia kila mtoto. Anatazama midoli, anatabasamu, anafungua jalada lake. Kisha anatazama wingi wa watoto, na tabasamu linapungua. Kalamu inaanza kutembea.

Tarumbeta anamwendea mgeni moja kwa moja.

"Shangazi, asante kwa mdoli."

Afisa anachuchumaa. "Si wangu, mama. Ni wa shuleni kwenu."

"Ni wako! Ukija, anakuja. Ukiondoka, anaondoka." Mtoto anambana mwanasesere kifuani. "Leo mwache alale hapa. Mmoja tu. Lori uchukue."

Kalamu inasimama. Watoto wanaendelea kucheza. Mama Makofi anageuza macho kwenye mlango wa nyuma. Kwenye upenyo, Mama Pacha anatikisa kichwa: usiseme.

Mama Makofi anapiga makofi matatu. Watoto wanaketi.

"Mama afisa, hawa wote ni wa hapa," anasema. "Hawakuongezeka leo. Kila ukija huwa nawaficha. Na hiyo midoli hukaa hapa ukiwapo wewe tu. Haikuwa yangu mwaka jana, na leo si yangu."

"Ni ya nani?"

Hapo anakwama. Kujitia kitanzi ni hiari yake, lakini kuwataja wenzake watano ni jambo jingine. Anatazama sakafu. Afisa anarudia swali lake, taratibu, na mdogo wa Mama Makofi anaanza kukunja mkeka ambao hauhitaji kukunjwa.

Mlango wa nyuma unafunguka.

"Ni yangu," anasema Mama Pacha. Anajirekebisha, "Yetu. Ya vituo vyote sita. Kabatini kwangu ndiko inakolala. Kama ni kufunga, anza na mimi, huyu mwenzangu hakuitaka. Nimemletea kwa nguvu."

"Uongo," anasema Mama Makofi. "Nilipokea."

Afisa anavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio. Haonekani mtu aliyeshinda. Anaonekana mtu aliyepigwa chenga na kugundua jioni.

"Nilikiona hiki kiatu vituo vinne," anasema hatimaye. "Nikasema, kumbe akina mama hawa wananunua duka moja."

Mdogo mtu anaangua kicheko cha woga na kuziba mdomo. Hakuna anayemfuata.

"Ripoti ile ina sahihi yangu. Fungu lilikwenda kwingine kwa neno langu. Mlinifanya niwadhulumu hawa watoto nikiwasifu ninyi."

Anatoka. Wanamsikia akifungua buti ya gari. Mama Makofi anaketi kwenye ndoo nyingine, tupu, iliyopinduliwa, na Mama Pacha anamshika bega. Wote wanajua kilichomo kwenye buti ile. Vyuma vinagongana huko nje, kisha buti inafungwa.

Afisa anarudi na futi ya kupimia.

"Shika huku," anamwambia Mama Pacha. "Mwaka jana nilikadiria kwa macho. Leo tunapima."

Wanapima chumba, dirisha, shimo la choo ambalo mtoto wa miaka mitatu hawezi kulichuchumalia bila kushikwa mkono. Anawahesabu watoto mwenyewe, hadi aliyelala nyuma ya mlango. Akimaliza, anawaambia yaliyomo moyoni mwake: kamati ya manispaa inakaa wiki ijayo, na kwa kanuni zilivyo inaweza kuamuru kituo hiki kifungwe. Yeye hawezi kuahidi lolote. Mpaka siku hiyo mlango ubaki wazi, na asipokelewe mtoto mpya hata mmoja.

"Na nyote sita mje," anaongeza akiwa mlangoni. "Mseme mbele yao haya mliyonificha. Mimi nitaisahihisha ripoti yangu kwanza, ninyi mfuate."

Gari linaondoka. Mama Makofi anacheka, kisha analia, kisha anaambiwa na mtoto kwamba pua inamtoka.

Adhuhuri ukaguzi utahamia kwa Mama Pacha. Anajifunga kanga kiunoni na kuelekea mlango wa nyuma mikono mitupu.

"Kapu lako," Mama Makofi anamwita.

"Kapu gani? Acha anikute nilivyo. Nilikuwa nakulaumu, kumbe nilikuwa naogopa." Anatazama watoto. "Kabatini halirudi. Litazunguka, wiki kwako, wiki kwangu, wachezee mpaka wachoke."

Fundi wa pikipiki anapokuja kumchukua binti yake, Mama Makofi anamwambia ukweli: hajui kama mwezi ujao kituo kitakuwapo. Fundi anauliza kamati hiyo inakaa saa ngapi, na kama wazazi nao wanaruhusiwa kuingia.

"Sijui kama wanaruhusiwa," anasema Mama Makofi, "lakini nataka wajae mpaka nje." Mipango yake si mikubwa. Anataka mlezi wa tatu, tundu la choo la kimo cha mtoto, na rangi ya kumalizia ukuta. Na anataka rafu ambayo haiogopi mlango wa nyuma.

Nyuma yake kunasikika kitu kikivunjika. Watoto wanaganda. Lori la mbao limelala ubavu, na gurudumu moja linabingirika polepole hadi miguuni pake. Kwa miaka yote ya kabatini lori halikuwahi kupata hata mkwaruzo.

"Mwalimu," anasema Tarumbeta, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ananong'ona, "limeharibika."

Mama Makofi analiokota gurudumu, analifuta kwa kiganja, na uso wake unafunguka.

"Haya, njooni tulitengeneze," anasema. "Sasa ni letu."