Mikorosho ya Kuchomeka

Mwinjuma wa Misugusugu alikuwa na mkono mwepesi wa kung'oa. Kupanda hakuwahi, kung'oa alizaliwa nako. Ardhi yote, kutoka kijitoni mpaka njia ya magari, aliirithi kwa babu yake, na pamoja na ardhi akarithi neno moja: mgeni mkaribishe, mpe pa kulima, lakini asipande mti. Muhogo huliwa ukaisha, mahindi huvunwa yakaisha. Mkorosho ukishasimama, mwenye mkorosho ndiye mwenye ardhi, na wewe mwenyeji utabaki kuomba kivuli.

Basi kila baada ya mvua alipita kwenye mashamba ya wageni wake, bakora kwapani, akichungulia mihogoni kama mama mkwe anayechungulia chungu cha mkaza mwana. Akiona mche wa mti, aliung'oa, akauvunja kwa goti, kisha ndipo akauliza habari za watoto.

Kasiani na mkewe Yosefina, Wakristo waliohamia kutoka Maneromango, walizika mtoto pembeni mwa shamba waliloazimwa. Yosefina akaotesha mchungwa kichwani mwa kaburi. Mwinjuma akaja, akatoa pole kwa maneno mazuri, halafu akaung'oa.

"Mzee, hiyo ni alama tu," Yosefina akasema.

"Weka jiwe, binti yangu. Jiwe halioti mizizi."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamkia Mwinjuma kwa adabu kama Yosefina. Mzee akaridhika, akasema mwanamke yule amefundishika.

Vita vya Hitla vilipokwisha, Dar es Salaam ikaanza kunenepa. Serikali ilikuwa na ramani yake, imepanga nani akae wapi na kipi kijengwe wapi kwa miaka mingi mbele. Wino haujakauka vizuri, watu wakawa wameshaijaza mpaka pembeni. Ikaamuliwa ichorwe upya, na safari hii mji utazame mbali, ujue hata kuni zake zitatoka wapi. Ndipo Mzungu mpimaji na karani wake Abeid walipofika Kibaha, mpaka huku Misugusugu, wakiwa na vigingi na mnyororo wa kupimia.

Jumbe akakusanya watu, akaeleza amri ilivyo. Penye miti ya kupandwa, ardhi ina mwenyewe, ataachiwa. Pasipo na mti wa kupandwa ni pori, litatiwa rangi ya kijani kwenye ramani, liwe msitu wa kuni za mji. Nyumba za udongo hazihesabiwi, maana mwenye nyumba ya udongo anaweza kuijenga popote.

Mwinjuma alicheka na wenzake pale mkutanoni, akafika nyumbani kinywa kikavu. Kuizunguka nyumba yake kulikuwa na mikorosho ya babu, minene, inazaa. Kwingine kote palikuwa peupe kama kiganja.

"Wageni wako si wapo? Wakutolee ushahidi," mkewe Tatu akamwambia.

"Karani hataki ushahidi. Anataka miti."

"Miti si ilikuwa inaota? Uliipeleka wapi?"

Mwinjuma akachukua bakora yake, akatoka nje. Asubuhi akaenda kwa Kasiani, ambaye alikuwa amepata kibarua cha kuvuta mnyororo wa wapimaji na akajua safari zao zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu upande wangu wanafika lini?"

Kasiani akamtazama mkewe. Yosefina alikuwa akimenya muhogo, hakuinua uso.

"Si ulisema Jumatatu?" akasema.

"Jumatatu," Kasiani akaitikia. Alijua fika kwamba wapimaji wangefika wiki ya pili yake.

Mwinjuma akarudi na akili mpya kichwani. Mche hauoti kwa siku tatu, lakini tawi bichi haliwezi kunyauka kwa siku moja. Mzungu atapita, ataona majani, ataandika, ataondoka. Jumapili akawaita wageni wote, akawapa mapanga. Wakristo waliacha hata kanisa wakaja. Wakaparamia mikorosho ya babu, na yeye akasimama chini akielekeza kwa bakora.

"Kata hilo. Na lile."

"Hata lenye maua, mzee?"

"Lenye maua ndilo litakaloaminika."

Hakuwahi kuona watu wakimfanyia kazi kwa moyo namna ile. Walikata mpaka mikorosho ikabaki mashina yaliyonyolewa. Wakachimba mashimo, wakachomeka matawi kwa mistari, wakashindilia udongo kwa visigino.

"Tuyamwagilie, mzee?" akauliza Lucian, mgeni mwingine.

"Ya nini?"

"Yasije yakahisi tumeyatupa."

Watu wote wakainama ghafla, kila mmoja akatafuta cha kufukia.

Jumatatu Mwinjuma alivaa kanzu, akakaa barazani. Hakuja mtu. Jumanne majani yakalegea. Jumatano akaonekana akipita tawi kwa tawi, akiyainua kwa vidole kama anayewaamsha wagonjwa. Ijumaa aliomba mvua, akapewa jua. Wapimaji walipofika, wiki ya pili, shamba zima lilikuwa la kahawia na linachakarika kwa upepo.

Abeid alishika tawi moja, likachomoka kama mwiko kwenye uji. Mzungu akasema jambo.

"Bwana anasema," Abeid akafasiri, "kuni zako umezianika vizuri."

Wakaenda mpaka nyumbani, wakatazama mashina.

"Na mikorosho hii?" Abeid akauliza.

"Hii ya babu yangu."

"Pole. Alifariki nayo pamoja?"

Kasiani, mnyororo mkononi, akakohoa kuficha kicheko. Ramani ikatiwa kijani mpaka mlangoni kwa Mwinjuma.

Watu waliambiwa wahame, mwenyeji na wageni sawasawa. Tatu alitangulia kwa kaka zake Kibuta bila kuaga. Mwinjuma alifuata na jamvi begani, na njiani akawakuta Kasiani na Yosefina, nao wakirudi Maneromango na mizigo yao.

"Ulijua siku yao," akamwambia Kasiani, akihema. "Ungeniambia kweli, ardhi ingebaki, nawe ungebaki unalima."

"Ningebaki nalima, mzee. Ni kweli."

"Sasa mmepata nini?"

Yosefina ndiye aliyejibu, bila kusimama.

"Kuhama sisi tumezoea, mzee. Tulitaka tukuone na wewe ukihama."

Wakaongeza mwendo. Hakuwaomba wamsubiri, na wao hawakugeuka.