Birika Jekundu Mbele ya Usukani

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, alichukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa na kila kilichochoka Japani kikaletwa kwetu. Dashibodi ilijaa maandishi ya Kijapani. Majirani walikuja kuichungulia kama wamekuja kumwona mtoto mchanga.

Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Alfajiri alipanda Mgeta, akashusha kabichi na karoti za wakulima wa mlimani hadi sokoni Morogoro, na jioni tulikula. Mshahara wangu wa ualimu peke yake usingetufikisha popote.

Udereva alijifunzia kwenye lori la kiwanda, ambalo mishale yake yote ilikuwa imekufa zamani. Petroli walipima kwa kijiti, na injini ikichemka waliijua kwa harufu. Kwa hiyo dashibodi kwake ilikuwa pambo tu.

Jumamosi moja nilikwenda naye. Tukiwa tunashuka kwenye kona kali, taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani, ikazimika, ikawaka tena.

"Mwalimu," alisema, maana aliniita hivyo akitaka kunichokoza, "msomi wa nyumba hii ni wewe. Hii picha inasema nini?"

Niliinama nikaitazama. Ilikuwa na mkono, mdomo mrefu, na tone likidondoka. Sikufikiri hata kidogo.

"Si birika hilo? Gari linataka maji."

Tulisimama kwenye tambarare, karibu na kijito, akaongeza maji kwenye rejeta. Yaliingia kidogo tu. Alipowasha injini, taa haikuonekana tena. Akacheka, akasema kweli shule si mchezo. Nami nikavimba kichwa.

Tangu siku hiyo hakutoka bila dumu la maji nyuma ya kiti. Baada ya wiki chache taa ikawa inawaka hata kwenye barabara ya lami, naye akaongeza dumu la pili. Asubuhi moja, tukinywa chai, aliniambia injini imeanza kulia kama kokoto ndani ya sufuria. Nikamjibu asisahau maji. Nikikumbuka jibu hilo hadi leo natamani kujizaba kibao.

Injini ilinoki siku ileile, gari likiwa limesheheni kabichi. Walilivuta hadi gereji moja karibu na Msamvu, nami nikaenda huko moja kwa moja kutoka shuleni. Nilimwamkia fundi, mzee wa makamo, akaitikia bila kuinua kichwa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kidole. Kidole kilitoka kikavu.

"Taa ya oili haikuwaka?" aliuliza. "Yenye kikopo kinachodondosha tone?"

"Iliwaka," mume wangu alisema. "Nikawa naongeza maji."

"Maji! Nani alikwambia ile ni alama ya maji?"

Mume wangu alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Nilijidanganya mwenyewe, mzee. Sisi wa kiwandani hatukusoma sana."

Gereji nzima ilicheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na vumbi la chaki mikononi. Nilijiambia nitasema tukifika nyumbani, mbele ya ndugu zake. Sikusema. Pikapu iliuzwa kwa vipande, naye akaenda kulima mashamba ya watu. Kila aliyemuuliza alimpa jibu lilelile, mara nyingi nikiwa nimeketi kando yake.

Alipofariki, kaka yake alisimama msibani kutuchangamsha, akasimulia jinsi marehemu alivyoua gari kwa maji. Watu walicheka kwa mapenzi, wakifuta machozi. Wakanigeukia mimi mjane kuona kama nimefurahi, nami nikacheka nao.